Tundu la mbegu ya mkongo

Mbegu ya saba nayo ilipasuka. Spoku ya baiskeli niliyoipasha kwenye jiko la mkaa mpaka ikaiva nyekundu iliingia robo tu, moshi ukafuka, tukasikia mlio mdogo, na ganda jeusi likaachia ufa kutoka ubavuni hadi kwenye kikofia chake chekundu. Binti yangu, mwenye miaka tisa, aliokota vipande viwili, akavibandika, akavitenganisha tena.

"Mama, imeachana kama korosho."

Zilikuwa zimebaki wiki mbili tuhame Tunduru kwenda Songea. Alitaka kuwaachia marafiki zake tisa wa shule kumbukumbu ya mkono wake: kila mmoja mbegu moja ya mkongo, ya kuning'iniza kwenye zipu ya begi. Mpaka pale nilikuwa nikidhani tunaharibu kwa sababu anatikisatikisa ubao. Kumbe chanzo kilikuwa ndani ya mbegu yenyewe, na yeye ndiye aliyekiona.

Mtoto wa Tunduru anaijua korosho kabla hajajua kusoma. Anajua kwamba ikibanguliwa vibaya hugawanyika nusu mbili, na kwamba nzima ina bei kuliko iliyovunjika. Mkongo ni jamii ya mikunde, ndugu wa mbaazi na kunde, na mbegu yake nayo ni mapande mawili yaliyolaliana, yakishikwa na ganda gumu. Ukiilaza kiganjani ni bapa kidogo, na mpaka wa mapande hayo unapita ukingoni. Mimi nilikuwa naiingiza spoku ukingoni hapohapo, nikitaka mbegu zikae kwenye uzi kama shanga. Yaani nilikuwa nachomeka kabari mahali ambapo mbegu imeumbwa kuachana. Moto ulizidisha tu: unyevu wa ndani ulipopata joto ulitanuka na kutafuta pa kutokea.

Tukabadili vyote viwili. Tundu lipite bapani, litoboe mapande yote mawili kama msumari unavyoshika mbao mbili, na moto uwekwe kando. Fundi seremala jirani yetu alituazima keekee ya mkono na biti ya milimita 2. Kwenye kipande cha ubao nilichonga kishimo mfano wa shimo la bao, nikakitandika kitambaa, mbegu ikalala humo bila kuteleza. Vidole vya mtoto havikuwa tena karibu na chuma.

Alipoanza kuzungusha alikandamiza kwa uzito wake wote. Hilo ndilo kosa la pili la kila anayeanza. Ganda la mkongo halitaki nguvu, linataka mizunguko. Tulikubaliana: yeye anazungusha na kuhesabu hadi kumi, mimi nashika ubao na kuangalia kama keekee imesimama wima, halafu anaitoa biti na kupuliza. Unga wa ndani ya mbegu hugandamana kwenye mifereji ya biti, na biti iliyoziba haikati, inasugua na kupata joto. Tukifika nusu tunageuza mbegu na kuanza upande wa pili, ili matundu yakutane katikati. Ukitoboa moja kwa moja, upande wa kutokea ganda hubanduka kipande, na ganda la mkongo likibanduka halina dawa. Kila mbegu ilituchukua kama dakika nane. Baada ya hapo hakuna hata moja iliyopasuka.

Mahali pa kutoboa alipachagua yeye, ncha iliyo mbali na kikofia, ili wekundu uning'inie chini. Alisema kikofia kikiwa juu uzi utakificha. Aliona sawasawa.

Mbegu tuliziokota chini ya mti, maganda ya mbao yalipokuwa yamekauka na kupasuka. Hatukuzoa zote, na hilo nililisisitiza. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003, magogo ya kusini yalipata njia nyepesi ya kwenda Dar es Salaam, na mkongo ulikuwa miongoni mwa miti iliyokatwa sana. Nyumbani alizimwaga kwenye kanga akazichambua kama madalali wa vito wa mjini kwetu, ambao hupima mawe kwa karati, kipimo cha gramu 0.2 ambacho jina lake lenyewe limetoka kwenye mbegu ya mti. Alitupa zenye vijitundu vya wadudu na zile ambazo kikofia kilishaanza kulegea.

Katika kuchambua alikutana na mbegu nyingine aliyoiokota njiani: ndogo, nyekundu, yenye doa jeusi, ya ule mmea unaotambaa vichakani. Hiyo nilimnyang'anya. Inapendeza kweli, lakini ndani ina sumu kali iitwayo abrini, na hatari yake huongezeka inapotobolewa, kwa sababu ganda gumu ndilo linaloizuia. Mwishoni mwa mwaka 2011 bustani ya Eden Project ya Cornwall, Uingereza, iliwataka wanunuzi warudishe bangili zilizotengenezwa kwa mbegu hizo. Mzazi anayetaka kufanya kazi hii na mwanawe aanze hapo: ijue mbegu kabla ya kushika keekee. Na hata ya mkongo si ya kutia mdomoni.

Uzi tulitumia wa nailoni, mara mbili, na ncha nikaziunguza mwenyewe kwa kibiriti zisifumuke. Mbegu sita za mwisho tulizidondoshea nta ya mshumaa tunduni kabla ya uzi kukaza, maana mbegu yenye tundu haina tena kinga dhidi ya maji. Tatu za mwanzo zilikuwa zimekwisha kugawiwa.

Mwezi mmodi baadaye, tukiwa Songea, rafiki yake mmoja alipiga simu kwa simu ya mama yake, analia. Begi lilifuliwa, likalowekwa usiku kucha, na mbegu imevimba, ganda limechanika. Binti yangu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kikofia kiko upande gani, na ule upande wa kikofia kama ni mzima. Akaambiwa ni mzima.

"Basi toa uzi," akasema. "Ifukie vidole viwili chini, usiimwagie maji mengi."