Kiti si sanamu tu

Katika nyumba nyingi za makumbusho, kule Ulaya na hata kwetu, kiti cha wakubwa wa Waluba kinawekwa peke yake mu vitrini, taa inamulika. Mtu anapita, anasema: sanamu nzuri! Anasahau kama ni kiti.

Lakini tusilaumu kioo haraka. Kiti hicho chenye kubebwa na mwanamke wa kuchongwa hakikukaliwa kila siku. Kilifungwa mu kitambaa cheupe, mara nyingi kikachungwa katika kijiji kingine, kikatoka mara chache tu. Kosa si kukikinga na mikono. Kosa ni kukionyesha kila siku kwa kila mwenye tikiti, bila neno moja juu ya ile siri.

Warega nao wana maonyesho yao. Mu bwami, vitu vya mafundisho vinatolewa, hata kiti kidogo, kisumbi. Mwenye kufundisha anakishika, anacheza nacho, mezali inaimbwa. Kitu na neno vinaenda pamoja.

Njo pale wenye kutayarisha maonyesho wajifunze: mbele ya kutafuta taa, waulize nani alikikalia, lini, na kwa maneno gani.