Kromosomu iliyozimwa haijafa

Si mara moja hapa Isiolo nimesikia wasomi wakieleza kwamba seli za mwanamke zina kromosomu X mbili, ila moja "imekufa". Hapo ndipo ninapopinga. Mwaka 1961 Mary Lyon, mwanasayansi wa Uingereza, alieleza kuwa X moja huzimwa mapema katika kiinitete. Kuzimwa si kufa. Kemikali za mwili wenyewe, zikiwemo methili zinazojibandika kwenye DNA, huifanya kromosomu ijikunje na kubanana, na jeni zake nyingi zikanyamaza. Seli ikigawanyika, X hiyo hunakiliwa sawa na mwenzake. Maiti hunakiliwa wapi?

Utaniuliza, si neno tu hilo, bwana? La hasha! Mama mwenye jeni ya hemofilia kwenye X moja, ikiwa seli zake nyingi zimezima ile X iliyo salama, huweza kuvuja damu kupita kiasi. Ukimwambia X yake "ilikufa", atadhani hana cha kurithisha upande huo. Kumbe katika mayai yake X hiyo huwashwa tena, na mtoto aweza kuirithi.

Basi tuseme "kuzimwa". Taa iliyozimwa huwashwa. Mfu hana swichi.