Juu ya disertasio zetu

Tangu miaka sita ninasahihisha disertasio za waseminari wa teolojia. Kila mwisho wa mwaka mafungu ya karatasi yanajaa juu ya meza yangu, na kila mwaka kuna jambo linalonisumbua kuliko makosa ya Kifaransa. Makosa ya Kifaransa yanapona. Ugonjwa ninaotaka kusema hapa hauonekani kwa wino mwekundu: disertasio nyingi hazina kosa hata moja, lakini mwenyewe aliyeandika hayumo ndani.

Wasomaji wetu wanajua namna yake. Tunaanza kwa kusema kwamba tangu zamani watu wamejiuliza swali hili. Kiisha mtakatifu Augustino anasema hivi, mtakatifu Toma anasema vile, Mtaguso wa pili wa Vatikano unathibitisha. Sehemu ya kwanza ni ndiyo, sehemu ya pili ni hapana, sehemu ya tatu ni ndiyo kidogo na hapana kidogo. Nani atabisha? Hakuna. Na kwa kuwa hakuna wa kubisha, hakuna aliyejifunza kitu, si mwalimu, si mwanafunzi.

Siwacheki. Katika mwaka wa pili wa teolojia mimi niliandika kurasa kumi na mbili juu ya sakramenti ya ndoa, nikapata pointi nyingi. Wakati ule ule dada yangu alikuwa na miaka saba katika nyumba ya mume wake bila kubarikiwa ndoa, sababu jamaa mbili hazikupatana juu ya mahari. Nilijua hata hesabu ya mbuzi waliobaki. Katika kurasa zangu kumi na mbili hamkuwa mbuzi hata mmoja. Nilifikiri kwamba mambo ya dada yangu si teolojia, na profesa hakuniuliza. Nilipopewa paroisi, watu wa kwanza waliogonga mlango wangu walikuwa mume na mke wa namna ile ile, nami sikuwa na neno la kuwaambia ila yale ya buku.

Basi, tuangalie andiko moja la mwanafunzi ambalo halikufanya hivyo. Tarehe 29 Januari 1960, katika Universite Lovanium, karibu na Léopoldville ambayo leo ni Kinshasa, padri kijana aliyekuwa bado mwanafunzi wa teolojia alisimama mbele ya wenzake na mbele ya mkubwa wa Fakulte yake. Jina lake Tharcisse Tshibangu, mzaliwa wa Kipushi katika Katanga. Mkubwa yule alikuwa Padri Alfred Vanneste, Mbelgiji. Mwanafunzi aliuliza: yawezekana kuwa na teolojia yenye rangi ya Kiafrika? Akajibu kwamba yawezekana. Mwalimu akajibu kwamba kwanza tutafute teolojia ya kweli, ile inayofaa watu wote, kusudi Waafrika wasijifungie pembeni na kubaki wanateolojia wa daraja la pili. Mwaka ule ule maneno ya wote wawili yalichapwa katika Revue du Clergé Africain, iliyotolewa na seminari kubwa ya Mayidi.

Mara nyingi tunasimulia habari hii kama vita: nani alishinda? Mimi ninaisoma kama mwalimu anayesahihisha. Ninaona kwanza kwamba swali la Tshibangu lingeweza kujibiwa hapana, na mtu mwenye akili, tena mwenye mamlaka juu yake, alijibu hapana kweli. Hilo ndilo kipimo changu. Chukua disertasio yako, soma sentensi yake kubwa, kiisha uigeuze. Kama ile iliyogeuzwa ni upuzi ambao hakuna mtu angeusema (kwa mfano, kwamba sala haifai kitu kwa padri), basi uliandika bure.

Ninaona tena makosa, maana andiko jema si andiko lisilo na makosa. Tshibangu, kama waandishi wengi wa wakati ule waliofuata njia ya Padri Placide Tempels na buku lake la mwaka 1945 juu ya filozofia ya Kibantu, alinena juu ya fikira ya Mwafrika kama kitu kimoja. Lakini Mushi, Muluba na Muzande hawakai katika nyumba moja ya fikira. Angeanza na fasi moja, na lugha moja, hoja yake ingekuwa na miguu. Naye Padri Vanneste alidhani upesi mno kwamba yale yanayofundishwa katika Ulaya ndiyo ya watu wote, kana kwamba Louvain haina kijiji chake. Tunayaona makosa hayo kwa sababu kila mmoja alisema wazi. Mwaka 1968, katika Juma la Teolojia la Kinshasa, swali lilirudi tena, na halijafungwa hata leo. Yule mwanafunzi alikuwa rektori wa Lovanium mwaka 1967, kiisha akawa askofu. Alifariki mwaka 2021.

Mtaniambia: Padri, unataka waseminari wabishane na walimu? Ninataka wafuate mtakatifu Toma, ambaye wanamtaja sana kuliko kumwiga. Katika Summa, kila kifungu kinaanza na maneno ya wale wanaobisha, na mara nyingi anayasema vizuri kuliko wenyewe. Nyuma yake anajibu kwa jina lake mwenyewe: “Respondeo.” Ni kusema: ninajibu. Sisi tunaruka wabishi, na kile “ninajibu” tunakiacha kabisa.

Sasa kuna jambo jipya. Kuna mashine katika simu zinazoandika disertasio kwa dakika moja, kwa Kifaransa safi, zikimtaja Augustino na Toma. Ndugu mapadri wengi wanakasirika. Mimi niliposoma disertasio ya kwanza ya namna hii niliona haya zaidi kuliko hasira, maana ilifanana mno na kurasa zangu kumi na mbili juu ya ndoa. Tulifundisha vijana kuandika kama mashine mbele ya mashine kufika. Na mtu aliyezoea hivyo katika seminari atahubiri hivyo Jumapili. Wakatekista wetu wanaosikiliza nyuma ya kanisa wanajua upesi kama padri anasema yake au anasoma ya mwingine.

Mwaka huu mseminari mmoja aliniletea swali. Katika kijiji cha mama yake padri anafika mara tatu kwa mwaka, na Jumapili nyingine watu wanasema wanakwenda “misa ya katekista”. Aliuliza kama watu wale wanakosa jina tu, au kama kuna kitu wamekielewa ambacho sisi hatukioni. Nilimwambia aandike. Aliandika kurasa tano. Kifaransa chake kimevunjika fasi nyingi, tena sikubali mwisho wake hata kidogo. Nimemwandikia jibu la kurasa mbili, na jana amenirudishia lake.