Tusi la herufi Z

Katika King Lear, tamthilia ya Shakespeare iliyochapwa mara ya kwanza 1608, Kent anamtukana Oswald kwa kumwita Z, herufi isiyo na kazi. Tusi hilo lina nguvu kwa sababu ya Kiingereza chenyewe. Humo sauti ya z mara nyingi huandikwa kwa s: rose, yaani waridi, easy, yaani rahisi. Z yenyewe imejaa kwenye maneno ya kuja: zeal, ari, la Kigiriki, zenith, kilele cha mbingu, la Kiarabu, zany, mchekeshaji wa jukwaani, la Kiitaliano. Na Oswald ni nani? Mtu wa kutumwa na Goneril tu.

Sasa hebu litafsiri neno kwa neno. Wapi! Kwetu Z ndiyo inayobeba mzee na mzazi, na hii ni hadithi ya mzee aliyefukuzwa na mabinti wawili aliowazaa mwenyewe. Ukisema Z haina kazi, umebomoa tamthilia nzima. Bora mfasiri amwite Oswald X au Q: herufi tunazozijua, ila Kiswahili kinaenda bila hizo. Hapo tusi litauma.