Kaya 915, klasta 51

Utafiti wa Afya na Maendeleo wa Kagera ulianza mwaka 1991 na kuhusisha kaya 915 katika klasta 51 za vijiji na mitaa, zikiwemo za Bukoba na Muleba, kupima madhara ya vifo vya watu wazima wakati wa UKIMWI. Benki ya Dunia na chuo cha Muhimbili walizihoji kaya hizo hadi mara 4 kufikia 1994. Mwaka 2004 na 2010 watu walewale walitafutwa popote walipohamia, hata Uganda.

Anayechambua data hizi lazima aamue kosa sanifu likokotolewe vipi, yaani makadirio yangeyumba kiasi gani kama sampuli ingekuwa nyingine. Kaya za kijiji kimoja cha Muleba hupata mvua moja na bei moja ya kahawa, na mnyauko ukiingia migombani haubagui kibanja. Ukizihesabu kama mashahidi 915 wasiojuana, unajipa uhakika usiokuwepo. Kwa hiyo tunakokotoa kosa sanifu kwa klasta.

Hapo ndipo amri za programu zinapotofautiana kimyakimya. Chukua mfano kwamba kaya zote 915 zilihojiwa awamu zote 4, safu 3,660, mlinganyo wenye kigezo kimoja na athari mahususi za kila kaya. Katika Stata, amri ya xtreg haizihesabu athari hizo kwenye marekebisho ya sampuli ndogo, kwa kuwa kila kaya imo ndani ya klasta moja. Amri ya areg, kwa desturi yake ya miaka mingi, inazihesabu: 3,659 kwa 2,744, na kosa sanifu linapanda kwa kipeuo cha pili cha uwiano huo, yaani takribani asilimia 15. Makadirio ni yaleyale, lakini t ya 2.10 inakuwa 1.82, na nyota ya umuhimu wa kitakwimu inafutika kwenye jedwali. Mimi nafuata xtreg hapa. Mwenye jedwali moja la areg na jingine la xtreg hajalinganisha chochote.

Aliyehamia Dar es Salaam je? Klasta yake ibaki kijiji cha Muleba alikochaguliwa, maana sampuli ilichotwa huko. Mtaa anaoishi leo haukuchaguliwa na mtafiti.

Uamuzi huu uandikwe mara moja, juu kabisa ya faili la amri: klasta ya asili, kanuni ya marekebisho, digrii za uhuru 50. Jedwali la Muleba peke yake litabaki na klasta chache mno. Hapo tumia butstrapu ya klasta waliyoieleza Cameron, Gelbach na Miller mwaka 2008, na uitumie pia kwa jedwali la Bukoba unaloliweka kando yake.