Modeli Hupanda Ndege, Rangi Hungoja Meli

Modeli ya plastiki iliyotengenezwa Shizuoka, mkoa wa Japani wenye viwanda vya Tamiya, Hasegawa, Aoshima na Fujimi, inaweza kutumwa kwa posta ya ndege hadi London au Nairobi kama kitabu. Chupa ya rangi ya mililita 10, ile ambayo kijitabu cha maelekezo ndani ya sanduku hilo hilo kinaitaja kwa namba, hairuhusiwi kupita njia hiyo. Wapenzi wa modeli walio mbali na Japani wamezoea kulaumu maofisa wa forodha wasumbufu, wauzaji wenye tamaa na kampuni zisizowajali wateja wa nje. Lawama hizo zina ukweli hapa na pale, lakini hazifiki kwenye shina la tatizo. Kinachoizuia rangi ya Kijapani kusafiri ni kiyeyushi kilichomo ndani yake, na kiyeyushi hicho ndicho kinachowafanya watu waitafute kwa udi na uvumba.

Tuitazame Mr. Color ya GSI Creos, au rangi za Tamiya za mfululizo wa LP. Hizi ni rangi za laka: resini ya akriliki imeyeyuka kabisa ndani ya kiyeyushi kikali. Rangi inapogusa plastiki ya polistireni, kiyeyushi hulainisha uso wake kidogo, na rangi hujishika hapo kwa nguvu. Kisha kiyeyushi huvukiza kwa dakika chache. Ukipuliza safu ya pili, nayo huiyeyusha kidogo ile ya kwanza, zikawa utando mmoja mwembamba na mgumu, unaoweza kupigwa msasa na kubandikwa utepe wa kuzibia bila kubanduka. Wembamba huo una uzito mkubwa katika kazi hii. Utando wenye unene wa milimita 0.05 juu ya ndege ya kipimo cha 1:72 ni sawa na milimita 3.6 za rangi juu ya ndege halisi. Juu ya meli ya kipimo cha 1:700, kipimo cha mfululizo wa Water Line ambao watengenezaji wa Shizuoka waliuanza mwaka 1971, utando huo huo unakuwa sawa na sentimita tatu na nusu. Mistari ya mabati hufukiwa, ngazi huvimba, na kazi ya mchonga kalibu inapotea. Fundi anayeing'ang'ania laka anailinda kazi hiyo, na sioni haki ya kumwita mtu wa kujidai.

Sasa geuza upande wa pili. Kimiminika kinachovukiza haraka mezani huvukiza haraka pia ndani ya tumbo la ndege, na mvuke wake hushika moto. Kanuni za usafiri wa anga huhesabu kuwa kimiminika cha kuwaka kila kitu ambacho mvuke wake unaweza kushika cheche katika nyuzi 60 za Selsiasi au chini yake. Rangi ya namna hiyo hupewa namba ya Umoja wa Mataifa 1263, daraja la 3, na chupa ndogo ya laka hubeba namba ile ile inayobebwa na ndoo ya rangi ya magari. Hapa wengi hujikwaa kwenye akriliki za Tamiya za X na XF. Kwa kuwa zinaweza kuongezewa maji na brashi yake ikasafishwa kwa maji, hudhaniwa kuwa ni rangi za maji. Ndani yake mna alkoholi, na alkoholi ya isopropili ikiwa safi hutoa mvuke wa kuwaka tangu nyuzi 12 hivi. Kuchanganyika na maji hakukiondolei kimiminika hatari ya moto, na ndiyo maana nazo huzuiliwa pamoja na laka.

Pingamizi la kwanza ni la udogo: chupa ya mililita 10 inaweza kuichoma ndege gani? Kanuni zenyewe zimelifikiria swali hili. Upo mlango unaoruhusu kiasi kidogo cha bidhaa hatari kusafiri kwa masharti mepesi. Kwa rangi zenye kuwaka kwa urahisi zaidi, kila chombo kisizidi mililita 30 na kifurushi kizima kisizidi mililita 500, yaani chupa 50 za Mr. Color. Lakini mlango huo una kizingiti. Kifurushi lazima kiwe cha aina iliyofaulu jaribio la kuangushwa kutoka mita 1.8, mfungashaji awe amefunzwa, alama iwe imebandikwa. Juu ya yote, mlango ni wa shehena tu. Posta ya ndege haimo. Mtu anayeagiza chupa sita kwa ajili ya ndege moja hana shehena. Anategemea posta, na posta imefungwa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Manukato na rangi ya kucha vinawaka vilevile, mbona vimejaa madukani dunia nzima? Vinafika kwa sababu muuzaji huagiza maelfu ya chupa za aina ileile, na faida ya kila chupa inatosha kulipia hati, mafunzo na nafasi ya mzigo wa hatari. Rangi za modeli zina hesabu nyingine kabisa. Mfululizo mmoja una rangi kwa mamia, bei ya kila chupa ni ndogo, na nyingi huuzwa polepole. Mwagizaji hulazimika kukusanya oda kubwa na kuipakia melini. Nyeupe, nyeusi na kijivu huisha mapema, wakati zambarau bado imejaa rafuni. Hawezi kuongeza dazeni moja ya nyeupe kwa ndege. Hungoja mpaka oda nyingine itoshe kulipia safari. Kwa hiyo duka linaweza kuonekana limejaa rangi, na ile moja unayoitaka isiwepo kwa miezi.

Lebo huongeza mzigo huo. Katika Umoja wa Ulaya, sheria namba 1272 ya mwaka 2008, iliyoanza kubana michanganyiko ya kemikali mwaka 2015, inataka lebo ya hatari iandikwe kwa lugha rasmi ya nchi ambako bidhaa inauzwa. Chupa zisizozidi mililita 125 zimepunguziwa baadhi ya maneno, kwa haki kabisa. Hata hivyo, tangu Januari 2021 mchanganyiko mpya wenye hatari unaouzwa kwa mtumiaji wa kawaida unapaswa kuarifiwa kwa vituo vya sumu na kubeba msimbo wa herufi na tarakimu 16. Gharama ya kazi hiyo haipungui kwa sababu chupa ni ndogo. Ukiigawa kwa chupa milioni haionekani. Ukiigawa kwa mia chache za kijani kimoja cha ndege za Kijapani za Nakajima, inamaliza faida. Sisemi sheria hiyo ifutwe. Mtoto akinywa laka, daktari anahitaji kujua amekunywa nini.

Wapo wanaosema tuhamie rangi za maji halisi, kama za Vallejo ya Uhispania, tuachane na kilio. GSI Creos wenyewe wanatengeneza Acrysion, rangi ya maji. Kwa brashi ya mkono na sanamu ndogo za wanajeshi, rangi za maji ni nzuri, pengine bora. Kwa kupuliza safu nyembamba juu ya bawa na kuzibia kwa utepe bado hazijaifikia laka, kwa kuwa resini yake hukaa juu ya plastiki bila kuiuma. Kukimbilia thina ya gereji nako kuna hatari yake: nyingi ni kali mno kwa polistireni tupu, hupasua uso wake nyufa ndogondogo. Jibu lililofaa zaidi limetoka kwa watengenezaji walioipeleka laka karibu na mnunuzi wa Ulaya: MRP wa Slovakia, Hataka wa Poland, AK wa Uhispania na mfululizo wake wa Real Colors. Hawakuivunja kanuni ya anga. Walifupisha safari, chupa ikaweza kwenda kwa lori badala ya kuvuka bahari.

Linabaki jambo la namba, na hili halihitaji ndege wala meli. Tamiya huandika XF-75 kwa kijivu cha karakana ya meli za kivita ya Kure na XF-77 kwa kile cha Sasebo. Hasegawa huelekeza kwa namba za Mr. Color. Mjenzi asiyeipata chupa hiyo anabaki na msimbo wa dukani usiomwambia rangi yenyewe ikoje. Karatasi ya maelekezo huruka bure ndani ya sanduku. Ingetosha kuchapa kando ya kila msimbo kipande kidogo cha rangi halisi, pamoja na namba ya kiwango cha wazi kama RAL au Federal Standard pale inapolingana, na mjenzi aliye mbali angechanganya mwenyewe kwa chupa alizonazo.