Nafasi ya Ngumi Moja

Ubavu kwa ubavu, gari na gari huachiwa sentimita 10. Bampa kwa bampa, sentimita 30. Hivyo ndivyo vipimo vinavyofuatwa na wapakiaji wa magari katika bandari za Japani, iwe Yokohama, Nagoya au Kobe, na hakuna anayetembea na rula mkononi. Jicho ndilo linalopima, likisaidiwa na sikio na mguu uliozoea breki. Sentimita 10 ni nafasi ya ngumi moja. Ikizidi kidogo kwenye kila gari, mwisho wa safu kuna gari litakalokosa mahali. Ikipungua, meli itakapoanza kwenda mrama katika Bahari ya Hindi milango itasagana.

Sisi tunaoyapokea magari haya Dar es Salaam na Mombasa tunazijua vizuri habari za pesa zake. Muulize yeyote aliyeagiza IST au Harrier, atakutajia bei ya mnada, nauli ya meli, ushuru, tozo za bandari na malipo ya wakala mpaka shilingi ya mwisho. Gari lilikaaje melini wiki zote zile, hilo halimo katika hesabu yake. Likifika salama hakuna la kuuliza. Nami naamini katika safari nzima ya gari hilo, kuanzia mnadani hadi kwenye yadi ya Kurasini, hakuna kazi ya mikono inayoizidi ile ya kulipanga na kulifunga melini.

Tuchukue Noah moja. Inatoka kwenye uwanja wa bandari, inapanda rampu ya nyuma ya meli na kuingia tumboni. Ndani kuna sitaha 12 au zaidi, moja juu ya nyingine, zimeunganishwa kwa miteremko. Feni kubwa zinavuta moshi wa injini kuutoa nje, na katika kelele zake sauti ya mtu haifiki mbali. Dereva hana pete, hana saa, mkanda wake hauna bizimu iliyo wazi, ovaroli yake imefunika vifungo. Chochote kigumu mwilini mwake kinaweza kukwaruza rangi ya gari la mtu asiyemjua, aliye ng'ambo ya bahari.

Anafika kwenye safu yake, anageuza, anaanza kurudi nyuma. Kule nyuma amesimama mwongozaji mwenye filimbi. Milio mifupi mfululizo: njoo, njoo. Mlio mrefu: simama. Dereva hatoi kichwa nje wala habahatishi kwa kioo peke yake. Ameikabidhi nyuma ya gari kwa mtu mwingine, na mguu wake unaitii filimbi moja kwa moja. Noah inasimama. Handibreki, gia kwenye P, injini inazimwa, ufunguo unaachwa, vioo vya pembeni vinakunjwa.

Sasa mtu huyu anatokaje? Kwa nafasi ya ngumi hakuna binadamu anayefungua mlango. Jibu liko kwenye mpangilio. Usukani wa magari ya Japani uko kulia kama yetu, kwa hiyo safu hujazwa kuanzia kushoto mwa gari kwenda kulia. Kila anayeegesha anashukia upande ambao bado uko wazi, na akishatoka ndipo gari linalofuata linasogezwa kuuziba upande huo. Dereva ameshakwenda kupanda gari dogo linalowakusanya wenzake na kuwarudisha uwanjani kuchukua mengine. Mzunguko huo unaendelea zamu nzima, na gari la mwisho la zamu linastahili uangalifu uleule wa gari la kwanza. Nikifikiria mchoko wa saa ya nane ya kazi ya namna hiyo, navua kofia.

Akiondoka dereva, anaingia mfungaji. Huyu ndiye ninayemheshimu kuliko wote. Analala kwenye sitaha, anajipenyeza katika zile sentimita 30, anapapasa chini ya bampa akitafuta pete ya kuvutia gari au tundu la chasisi lenye nguvu. Ndoano moja anaipachika hapo, nyingine kwenye tundu la sitaha, kisha anakaza kwa kikazio chenye meno. Gari dogo kwa kawaida hupata mikanda miwili mbele na miwili nyuma. Malori hufungwa kwa minyororo.

Ukitazama kwa mbali utadhani kazi ni nguvu tu, kumbe ni maamuzi. Ndoano haiendi popote panapoingia. Ikikamata mkono wa usukani au bomba la breki, gari litafika likiwa limeharibika pasipoonekana. Na mkanda una pembe yake. Miongozo ya usalama wa shehena baharini inataka uwe kati ya nyuzi 30 na 60 kutoka kwenye sitaha. Ukilala mno, unazuia gari lisiteleze lakini hauzuii lisiruke. Ukisimama mno, unalibana chini huku ukiliacha lichezecheze kwenda mbele na nyuma. Halafu kuna kukaza. Gari linakaa juu ya springi na matairi yenye upepo, nayo hupumua kila wimbi linapopita. Mkanda uliolegea huacha gari liruke kisha hulidaka kwa kishindo, na vishindo vya siku nyingi hukata uzi. Mkanda uliokazwa kupita kiasi huumiza chuma. Mfungaji aliyeiva anausikia mkazo sahihi mkononi mwake, anaupiga kofi mkanda, anahamia gari linalofuata. Safarini mabaharia wanapita sitaha moja baada ya nyingine wakiigusa mikanda hiyo na kukaza iliyolegea, maana springi hushuka na matairi hupungua upepo.

Tena magari yanayokuja kwetu ni magumu zaidi. Kiwanda kinachosafirisha magari mapya kinaleta mia kadhaa ya aina moja, urefu mmoja, ndoano za kufungia zikiwa mahali pamoja. Mfungaji akilijua moja ameyajua yote. Shehena ya magari yaliyotumika ni mchanganyiko: Vitz nyuma ya Alphard, Crown iliyokaribia chini ubavuni mwa Fuso, Canter yenye bodi ya kuinuka, Land Cruiser yenye tairi la akiba mgongoni. Moja pete yake ya kuvutia imeliwa na kutu, jingine lilishagongwa na kunyooshwa. Kila gari linataka kutazamwa upya. Ndiyo maana nasema anayefunga mitumba yetu ni fundi kuliko anayefunga magari mapya, ingawa sifa kwa kawaida huenda kwa mapya.

Ushahidi wa kazi hii upo, na ni wa kutisha. Julai 2006 meli Cougar Ace, iliyobeba magari 4,812 kutoka Japani kwenda Amerika Kaskazini, ilipoteza uwiano kusini mwa visiwa vya Aleutian wakati wa kubadilisha maji ya farumi kwenye matangi yake. Ililala ubavu kwa nyuzi karibu 60. Mabaharia 23 waliokolewa. Meli ikabaki hivyo kwa wiki kadhaa, ikavutwa hadi Alaska ndipo ikasimamishwa, na mtaalamu mmoja wa uokoaji alianguka ndani yake akafa. Ndani, magari 4,703 ya Mazda yalikuwa yakining'inia kwenye mikanda. Karibu yote hayakuachia. Wiki kadhaa, uzito wa gari zima juu ya mikanda michache na ndoano zilizopachikwa na mtu aliyelala kwenye sitaha Japani. Mazda iliamua kuyaharibu magari yote, maana hakuna aliyeweza kuhakikisha kukaa vile kulifanya nini ndani ya injini na betri. Lakini wafungaji walikuwa wamefanya yao.

Juu ya dereva na mfungaji kuna mpangaji. Anaanza na karatasi kabla gari hata moja halijapanda. Uwezo wa meli za magari bado unahesabiwa kwa kipimo kinachoitwa RT43, ambacho ni ukubwa wa Toyota Corona ya mwaka 1966. Meli ya magari 6,000 maana yake ni meli ya Corona 6,000. Kwa kipimo hicho mpangaji anagawa sitaha. Baadhi zinapandishwa na kushushwa ili lori lipate kimo chake. Mizigo mizito inakaa chini. Magari ya bandari ya mwisho yanaingia ndani kabisa, ya bandari ya kwanza yanakaa karibu na njia. Kama meli inapita Mombasa, halafu Dar es Salaam, halafu Durban, gari la Dar lililozibwa na magari ya Durban ni aibu ya mpangaji, kwa sababu itabidi mikanda mingi ifunguliwe na kufungwa tena.

Na kwenye uwiano wa meli hakuna mzaha. Meli ya magari ni ndefu kwenda juu, ubavu wake unashika upepo, na shehena yake iko juu ya maji kuliko chini. Kinachoishikilia wima ni farumi, maji yanayojazwa kwenye matangi ya chini kwa hesabu. Septemba 2019 meli Golden Ray ilipinduka ikitoka bandari ya Brunswick, Georgia, Marekani, ikiwa na magari zaidi ya 4,000. Ilikuwa inakata kona tu. Wachunguzi wa Marekani walikuta kwamba ofisa mkuu wa meli alikuwa ameingiza viwango vya farumi visivyo sahihi kwenye programu ya kukokotoa uwiano, kwa hiyo meli haikuwa imara kama alivyodhani. Namba chache tu. Naitaja habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba kila siku ambayo meli inafika bila habari, kuna mtu aliyekaa akazipitia namba hizo kwa makini.

Kazi hii si ya zamani sana. Japani ilipata meli yake ya kwanza ya kubeba magari pekee mwaka 1970, nayo ilibeba kama 2,000. Kabla yake gari lilining'inizwa kwa kreni na kushushwa ngamani moja moja. Siku hizi wapo wanaotumia kontena, magari mawili hadi manne kwenye futi 40, mengine yakiinuliwa kwa fremu ili yalaliane. Huo nao ni ufundi, wenye mbao, misumari na kabari zake, na unataka makala yake.

Dar es Salaam ina gati lililojengwa mahususi kwa meli hizi, Gati Namba 0. Mwaka 2022 meli moja peke yake ilishusha hapo magari zaidi ya 4,000. Ukisimama upande wa Kivukoni meli kama hiyo inapopita mlango wa bandari, inaziba Kigamboni yote. Ikishafunga kamba, wanaingia watu wetu, na hapo kazi ya Yokohama inafanywa kinyumenyume. Mikanda inafunguliwa kwa mpangilio, na gari lisiloanza kutoka haliguswi, maana gari lililofunguliwa mapema ni gari lisilolindwa. Karani anasoma namba ya chasisi, analinganisha na orodha, anazunguka gari akiandika kila mkwaruzo kabla halijagusa rampu. Mkwaruzo usioandikwa melini utakuwa mzigo wa aliyelishusha.

Dereva wa Dar ana changamoto ambayo mwenzake wa Japani hakuwa nayo. Gari limekaa wiki kadhaa. Betri imekufa, inabidi iamshwe kwa betri nyingine na nyaya. Tairi limelala, linajazwa upepo palepale. Katika zamu moja anakaa kwenye gari la kuwasha kwa kitufe, kisha kwenye Canter ya gia za mkono, kisha kwenye basi dogo lenye gia karibu na usukani na handibreki ya kukanyaga. Kila mara ana sekunde chache tu za kulijua. Mwenzake yuko mbele anamwita kwa mikono na sauti: "Njoo kaka, njoo, njoo, kata kulia, kidogo, haya, nyoosha!" Hapa si kila mara kuna filimbi, lakini utii wa mguu kwa sauti ya mwenzako ni uleule.

Mengi hayaishii hapa. Yanapewa kibali cha IT, yaani cha kupita nchini kwenda nchi nyingine, na madereva wake wanayachukua kuelekea Zambia, Kongo na Malawi, au Rwanda na Burundi. Mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, kupitia Mikumi na kona za Kitonga, katika gari ambalo breki zake dereva ameanza kuzijua Kurasini.

Melini, magari yakiisha, inabaki mikanda. Inakusanywa, inakunjuliwa na kukaguliwa mmoja mmoja kabla ya kupangwa kwenye maboksi yake kwa ajili ya shehena ijayo. Kidole kinapitishwa ukingoni kote. Uliokatika nyuzi pembeni unatengwa, hata kama katikati ni mzima, na hautafungia gari tena. Kikazio kilichosagika meno, nacho hivyo hivyo, na ndoano iliyopinda pia.